Mtoto ukimwambia "labda" anaelewa nini? Wangu anajua ni hapana

#1 MamaSaumu_Ngamiani
Habari za usiku wanajukwaa. Mie nipo Tanga, Ngamiani barabara ya kumi na tano, mtoto wangu wa pili ana miaka mitano na nusu yupo awali. Jana jioni kapanda ukuta wa baraza nikamwambia shuka we, utaanguka. Akatembea mpaka mwisho wa ukuta, akashuka kwa miguu yake, akaja kunisimamia mbele mikono kiunoni: "Mama umesema nitaanguka, mbona sijaanguka? Umesema uongo." Nikamwambia sijasema uongo, nilikuwa na maana unaweza kuanguka. Akanijibu "siwezi." Nikabaki nimeshika mwiko.

Usiku huohuo nikasema labda Jumapili tutaenda Raskazone kuogelea, akanuna. Unanuna nini sasa? "Ukisema labda hatuendagi." Dada yake Saumu, miaka tisa, akacheka mpaka akapaliwa.

Sasa naulizia, hivi hawa watoto tunawafundisha saa ngapi kwamba kuna jambo laweza kutokea na lisitokee na aliyelisema hajadanganya? Kuna mtu kamfundisha mtoto mdogo haya maneno huenda, labda, lazima, haiwezekani, akaelewa? Unaanzia wapi? Au ndio tusubiri form four?

#2 Kandambili
Siti ya mbele. Wajuvi wanakuja.

#3 MgosiWaChumbageni
Mtoto ana akili huyo usimguse. Labda ya mzazi ni hapana iliyovaa kanzu. Mama yangu alikuwa nazo tatu: labda, tutaona na inshallah. Labda ilikuwa hapana. Tutaona ilikuwa hapana na usiniulize tena. Inshallah ilikuwa hapana ya mbele za wageni. Nimekuja kujua labda ina maana nyingine nipo darasa la nne.

#4 UstadhMabawa
Assalaam alaykum. Mgosi umenichekesha ila hapo kwenye inshallah nakurekebisha. Inshallah sio labda. Anayeisema anatakiwa awe na nia kabisa ya kulifanya jambo, anakiri tu kwamba la mwisho haliko mikononi mwake. Ukisema inshallah na moyoni umeshaamua huendi, umelitumia jina la Mungu kufichia uongo wako, na mtoto anakuona. Neno halina kosa, wasemaji ndio tuliolichakaza.

#5 MgosiWaChumbageni
Mama bado yupo ustadh, nitamfikishia salamu zako.

#6 MwlMakorora
Mama Saumu umenigusa penyewe. Huu mwaka wa 14 nafundisha awali na hili la "umesema uongo" nalikuta kila mwaka. Angalia neno weza. Kwa Kiswahili chetu "unaweza kuanguka" ni mambo mawili ndani ya gunia moja, una uwezo wa kuanguka, na huenda ukaanguka. Mtoto anachukua la uwezo kwa sababu ndio analolijua, anaweza kuruka kamba, anaweza kuandika a e i o u. Kwa hiyo bintiyo alikujibu sawasawa kabisa, kuanguka sio kazi anayoijua yeye.

Mie nafanya hivi. Nafunga kamba ya kuanikia nguo toka dirishani mpaka mlangoni. Dirishani nabana karatasi yenye jiwe, hiyo ni "haiwezekani". Mlangoni karatasi yenye jua, hiyo "lazima". Katikati siweki kitu. Halafu kila mtoto namsomea jambo lake nampa na kibanio akabane anapoona panafaa. Kesho jua litachomoza. Mbuzi atakuja shule kavaa viatu. Leo atapita muuza barafu. Wiki za mwanzo wanabana kwenye ncha mbili tu, katikati kunabaki kutupu kama mgahawa mchana wa Ramadhani. Wiki ya tatu kuna mmoja nilimpa "leo mchana utakula wali", akasimama katikati ya darasa, akatazama dirishani, akatazama mlangoni, akaenda akabana karibu na mlango lakini sio mlangoni. Mbona hapo? "Mama amesema wali, lakini mkaa ulibaki kidogo."

Sikumfundisha neno lolote mie siku ile. Hakusema labda wala huenda. Lakini ndio hesabu yenyewe hiyo.

#7 Kandambili
mkaa ulibaki kidogo 😂😂 huyo ni mtabiri wa hali ya hewa kabisa

#8 BintiPangani
Mwalimu asante. Ila hayo maneno ya katikati unayapangaje? Nilijaribu na watoto wa dada yangu nikaandika labda, huenda, pengine, inawezekana, yaelekea, nikataka kuyapanga toka dogo mpaka kubwa nikashindwa mwenyewe mtu mzima. Pengine na huenda ipi iko juu? Na lile la "haielekei" watu wanasemaje kila siku, maana mie najikuta nasema "ni vigumu". Nikamwambia mtoto leo ni vigumu mvua kunyesha, akaniuliza kwani mvua inaumwa?

#9 MwlMakorora
Siyapangi dada. Tulijaribu ofisini walimu watano, tulianza saa nne ya chai mpaka kengele ikalia hatujaelewana. Mmoja anasema huenda iko juu ya labda, mwingine anasema zote ziko katikati palepale, mwingine akasema inategemea sauti.

#10 MjukuuWaMvita
Habari zenu, niko Mombasa nawasoma tu. Kwetu sisi hapana ubishi, yumkini iko juu ya labda. Nikikwambia yumkini atakuja, weka maji ya chai. Nikikwambia labda atakuja, zima jiko.

#11 UstadhMabawa
Hapo kwenye labda nina kisa, anayependa lugha asogee. Labda asili yake ni Kiarabu, laa budda, na kwa Kiarabu maana yake hakuna kuepuka, yaani lazima! Hiyo budda ndio "budi" unayoisikia kwenye "sina budi", "hapana budi". Sasa tazama ajabu: tukisema hapana budi tumebaki na maana ileile, hakuna namna. Tukisema labda tumegeuza kichwa chini miguu juu. Neno moja, limeingia kwetu kwa milango miwili, mmoja limetoka lazima mwingine limetoka pengine.

#12 MgosiWaChumbageni
Limefika pwani likiwa lazima, likakaa barazani, likala madafu, likawa labda. Hii ndio Tanga Raha.

#13 BintiPangani
Ustadh hiyo nimeipenda mno. Lakini basi mtoto wa mama Saumu ana hoja, wazee walianza kuahidi lazima wakaishia kutotekeleza, na neno likashuka thamani. Kama shilingi.

#14 FundiBaiskeli
Jamani mnahangaika bure. Kila kitu ni nusu kwa nusu. Ama kitatokea ama hakitatokea. Mtoto mfundishe hivyo ataelewa dakika moja.

#15 Mkwakwani_Jukwaa_Kuu
Kwa hiyo Coastal Union ina nusu kwa nusu ya kuchukua ubingwa wa ligi msimu huu?

#16 FundiBaiskeli
Ama inachukua ama haichukui. Nimekosea wapi?

#17 Mkwakwani_Jukwaa_Kuu
Tulichukua 1988. Hesabu misimu tangu hapo halafu uje na nusu yako.

#18 MwlMakorora
Fundi msimcheke, hilo la nusu kwa nusu watoto nao wanalo na ndio gumu kulitoa. Dawa yake mie ni kete. Tunaokota ufukweni Sahare, zile za mgongo wa mviringo na mdomo wenye meno. Nawauliza nikiirusha italala mdomo juu au mgongo juu? Vitu viwili, kwa hiyo wote wanasema sawasawa. Tunarusha. Kila mtoto ana kete yake, kila ikilala anachora kijiti ubaoni upande wake. Mwisho vijiti vya upande mmoja vinaujaza ubao na vya pili vimekaa kona. Kuna mwaka mtoto mmoja alikasirika akasema kete yake mbovu, tukampa nyingine, ikafanya vilevile, akaihamia ya jirani. Kitu kuwa na pande mbili hakufanyi pande ziwe na nguvu sawa. Kisoda nacho hivyohivyo, kirushe uone.

#19 BintiPangani
Mwalimu samahani, hizo kwetu Pangani tunaita kauri. Kete ni za bao, na hizo ni komwe.

#20 MwlMakorora
Komwe ni ile mbegu. Ukishaiweka baoni ndio inakuwa kete. Na hizi za baharini nazo bibi yangu akiziita kete, basi tusigombane, sote tumeelewana inarushwa nini.

#21 BabaAisha_Duga
Naomba msaada wa dadu. Binti yangu miaka 7 tunacheza ludo jioni, anaamini kabisa sita ndio namba ngumu, anasema dadu halimpendi, anapuliza kabla ya kurusha na siku hizi ananiambia nipulize mimi. Nikimwambia zote sawa haamini, na kusema kweli mimi mwenyewe nikiwa nasubiri sita nianze naona haiji.

#22 HesabuZaMtaa
Baba Aisha hilo walimu wa hesabu wamelikuta nchi nyingi, watoto wengi wanaona sita ngumu. Sababu ni kwamba sita ndio unayoisubiri. Tatu ikitoka mara nne huihesabu. Sita isipotoka mara nne unaikumbuka mpaka usingizini. Halafu hesabu yenyewe nayo inawaumiza. Dadu zima, ukirusha mara sita, nafasi ya kukosa sita kabisa ni kama theluthi moja. Darasa la watoto 45 kila mmoja arushe mara sita, tegemea kama 15 wasipate sita hata moja, na hao 15 ndio watakaopiga kelele.

Jaribu hivi, badilisha sheria. Sema kuanzia leo anayeanza ni mwenye moja. Baada ya siku tatu njoo utuambie namba gani imekuwa ngumu. Na kabla ya yote kagua dadu lako, pande zinazotazamana ukizijumlisha zinatakiwa zipate saba, moja na sita, mbili na tano, tatu na nne.

#23 MamaNasra
Hivi ni mimi peke yangu nashangaa? Mnafundisha watoto wa awali kurusha dadu na sarafu halafu mkikua nao mnalia vijana wanabeti. Mtaani kwangu kuna mashine za kutumbukiza sarafu hazina hata mlango, vitoto vya darasa la tatu vimejazana kutazama wakubwa. Sasa na shuleni tena dadu? Na kwetu dini imekataza.

#24 UstadhMabawa
Dada Nasra umesema la maana usipuuzwe. Kamari imekatazwa wazi, Maida aya ya 90. Na dadu la mchezo lina hadithi yake kwa Muslim, ni kali, anayetaka akaisome. Mimi nyumbani sichezi ludo. Lakini kujua yatakayotokea na yasiyotokea sio kamari. Kura ipo ndani ya Quran, Nabii Yunus alipigiwa kura jahazini ikamwangukia, na waliogombea kumlea Maryam walitupa kalamu zao. Kwa hiyo mwalimu na kete zake za kuhesabu vijiti mimi simkatazi, hakuna anayeliwa hela hapo. Baba Aisha ndio tutaongea pembeni.

#25 PongweJuu
Hata kwetu Wakristo, Mathiya alipatikana kwa kura kuziba nafasi ya Yuda. Kura ni ya haki kwa sababu hakuna mwenye mkono ndani yake. Hilo watoto wanalielewa haraka, wagawie kipande kimoja cha muwa watoto watatu uone wenyewe wanavyotafuta vijiti.

#26 MkekaUmechanika
Mama Nasra mimi ni huyo unayemsema na nitakwambia kinyume. Ningefundishwa mdogo nisingekuwa hapa. Nilikuwa naweka mechi kumi na mbili kwenye mkeka mmoja, ikikosea moja umeliwa, kila moja nina uhakika nayo asilimia 80, na kichwani kwangu mkeka mzima ulikuwa wa asilimia 80. Miaka minne nimeishi hivyo. Jamaa mmoja stendi akachukua simu yangu, akapiga 0.8 mara 0.8 mara 0.8 mpaka kumi na mbili, ikabaki 0.07. Saba kati ya mia! Nikamwambia simu mbovu. Nimepoteza pikipiki kabla ya kuamini hiyo simu.

Form four tulifundishwa probabiliti kweli, kwa Kiingereza, mwalimu akachora mti wenye matawi, nikakariri nikapata C. Hakuna aliyeniambia ule mti ndio mkeka.

#27 MamaNasra
Pole sana kaka. Lakini hao wenye mashine wao wanaijua hesabu vizuri tu na haijawazuia.

#28 MkekaUmechanika
Wao wako upande wa pili wa hesabu dada.

#29 HesabuZaMtaa
Nirudi kwa swali la mama Saumu maana tumetoka kwa mtoto tumefika stendi. Kuna wanaosema umri tu. Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, na mwenzake Inhelder waliandika mwaka 1951 kwamba mtoto chini ya kama miaka 7 bado hatenganishi kinachotokea kwa bahati na kinachotokea lazima. Kwa hiyo kwa hoja hiyo bintiyo wa miaka mitano na nusu bado, mwache akue.

#30 BintiPangani
Na yule wa mkaa ulibaki kidogo alikuwa na miaka mingapi? Awali ni mitano kwenda sita. Piaget hajafika Makorora.

#31 HesabuZaMtaa
Nakuja huko dada hujaningoja. Wapo waliompinga. Mwaka 2008 huko Canada watafiti Fei Xu na Vashti Garcia waliwaonyesha watoto wa miezi 8 boksi lina mipira midogo, rangi moja imejaa nyingine chache. Mtu akichomoa mipira bila kuangalia ikatoka mingi ya ile rangi chache, watoto waliikodolea macho muda mrefu zaidi, kama wanaoshangaa. Miezi minane, hana hata neno mama. Kwa hiyo pengine kulijua jambo ni kitu kimoja na kulisema ni kitu kingine, na mama Saumu shida yake iko kwenye kulisema.

#32 MgosiWaChumbageni
Au shida ni mama Saumu mwenyewe. Kasema UTAanguka. Hakusema huenda. Lugha ya mama zetu yote ni ta ta ta. Utaanguka, utagongwa, utavunjika shingo, baba yako atakuua. Mtoto akipima mwisho wa siku hakuna hata kimoja kilichotokea.

#33 MamaSaumu_Ngamiani
Mgosi nimekuona 😄 ila ni kweli. Nimejisikiliza leo kutwa, toka asubuhi mpaka adhuhuri nimesema uta... mara nyingi mno, nimeacha kuhesabu nilipofika kumi na tisa. Lakini nikimwambia "huenda ukaanguka" unadhani atashuka?

#34 Kandambili
hashuki

#35 MzeeWaDeepSea
Nawasoma tu wanangu kupitia simu ya mjukuu. Mimi mvuvi, siwezi kubishana na wasomi. Watoto wangu wote nimewafundisha hapohapo kwenye mchanga. Nawauliza, saa hizi maji yametoka, yatarudi? Watasema yatarudi. Hiyo ni hakika, leo yatarudi na kesho yatarudi, kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana, na bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) zina zamu zake hazikosei. Sasa tukitoka tutapata samaki? Hapo mtoto ananyamaza. Namwambia umeona, kwenye maji umejibu haraka, kwenye samaki umenyamaza, basi huko kunyamaza ndio labda. Jana tasi walijaa ngalawa, leo mahali palepale, ndoano zilezile, tumerudi na changu watatu na pweza mmoja mwenye hasira.

#36 MwlMakorora
Mzee wangu shikamoo. Naomba ruhusa niichukue hiyo, Jumatatu naiweka kwenye kamba. Maji kujaa nabana mlangoni, samaki nawaachia watoto.

#37 MzeeWaDeepSea
Marahaba mwalimu. Chukua tu, haina leseni.

#38 MamaWaMabintiWatano
Na mie niseme langu. Nina mabinti watano. Mimba ya sita kila mtu, wifi, mama mkwe, mpaka muuza mchicha, "sasa hivi lazima dume, zamu yake imefika". Nani kaweka zamu? Mwanangu wa tatu yuko darasa la tano ndio aliyewajibu barazani, akasema kwani tumbo linakumbuka? Walinyamaza.

#39 BabaAisha_Duga
Ikawa nini?

#40 MamaWaMabintiWatano
Nilijua tu mtauliza. Haihusiani na hoja yangu.

#41 FundiBaiskeli
Hapo sasa ni nusu kwa nusu kweli, mnikubalie japo hili moja.

#42 HesabuZaMtaa
Karibu tu fundi. Duniani wanazaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100. Hata sarafu nayo sio nusu kamili, mwaka 2023 kuna watafiti walitoa matokeo, wamerusha sarafu mara 350,757, upande uliokuwa juu kabla ya kurusha ulirudi juu kama asilimia 50.8.

#43 FundiBaiskeli
Laki tatu na nusu?? Hao watu wana wake?

#44 PongweJuu
Ukitumia mia mbili yetu, Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili, kuna tatizo jingine. Nyumbani baba ni Yanga damu, mtoto hachagui simba hata umpe pipi. Nikimuuliza ipi itatoka anasema Karume. Tukirusha ikatoka simba analia. Nikagundua nikimuuliza "unafikiri itatoka ipi" yeye anasikia "unapenda itoke ipi". Kutabiri na kutamani kwake ni kitu kimoja.

#45 MkekaUmechanika
Kwangu pia ilikuwa hivyo kaka, na nilikuwa na miaka 29.

#46 BintiPangani
Kuna kitu nimekumbuka. Zile taarifa za mamlaka ya hali ya hewa za mvua kubwa, chini huwa wanaandika "uwezekano wa kutokea: wastani", "kiwango cha athari: wastani". Wametenganisha mambo mawili, kutokea kwake na ukubwa wa madhara. Mama Saumu ukuta wako ndio huo. Kuanguka uwezekano mdogo, athari jino. Sisi tunavichanganya tunapiga kelele moja ya UTAANGUKA na mtoto hajui tunaogopa kipi. Mei 2024 ile ya kimbunga Hidaya tuliambiwa, tukafunga madirisha, kikafifia kilipofika Mafia, na mpwa wangu mpaka leo anasema redio iliongopa.

#47 UstadhMabawa
Hii ya jino ni nzuri. Mama Saumu mwambie hivyo bintiyo.

#48 MamaSaumu_Ngamiani
Narudi na mrejesho wakuu, asanteni wote. Jumapili ilifika. Nikachukua mia mbili nikamwambia njoo, leo labda yetu tunaiona kwa macho, ikitoka Karume tunaenda Raskazone, ikitoka simba tunabaki. Mie sina mkono hapo. Akaishika, akaigeuza huku na huku, akaniuliza "na wewe utakubali?" Nikasema nitakubali. Nikarusha. Simba.

Akaniangalia. Hakulia. Akasema "tena." Nikamwambia hapana, tumekubaliana mara moja. Akafikiri sana kisha akasema "hii labda nzuri kuliko ile yako, maana hii ilikuwa inaweza." Nimeiandika kama alivyoitamka. Inaweza ya sarafu kaielewa, ya kwangu ya ukutani hakuielewa, mwalimu nifafanulie.

Basi nikaona huruma tukaenda Raskazone.

#49 MgosiWaChumbageni
UMEHARIBU MAMA. Simba imetoka mmekwenda! Sasa kajifunza kwamba sarafu nayo inasema uongo.

#50 MwlMakorora
Mgosi kwa hili nipo nawe, ila sio sana. Dada, kwenye sarafu kaona pande zote mbili kwa macho yake kabla hujarusha. Kwenye labda yako upande wa pili haujawahi kuonekana. Mimi nadhani ni hivyo. Mwenzangu wa ofisini nimemsomea anasema hapana, ni kwa sababu mara hii mlikubaliana.

#51 MamaSaumu_Ngamiani
Na leo asubuhi bibi yake kamuuliza utakunywa uji? Akajibu "labda". Uji umepoa mezani, hakuugusa.

#52 Kandambili
tumerudi post namba moja

#53 BabaAisha_Duga
HesabuZaMtaa, siku tatu zimeisha. Moja ndio imekuwa ngumu, kama ulivyosema, na sasa anasema sita ni rahisi sana. Lakini nimekagua dadu la ludo nilivyoelekezwa. Moja inatazamana na mbili. Sita inatazamana na tano. Nimelinunua na boksi zima dukani, jipya. Sasa hii ina maana mtoto alikuwa na haki au?

#54 HesabuZaMtaa
Kubadilishana namba upande hakubadilishi kitu kama umbo liko sawa. Lakini dadu la kiwandani kukosea hata namba, mimi umbo lake nisingeliamini. Lirushe mara mia mbili, andika.

#55 BabaAisha_Duga
Ustadh si kasema tutaongea pembeni?

#56 UstadhMabawa
Lirushe uandike. Ludo ndio usicheze.